Karatasi ya Njugu

Kasisi Nasani Gimei wa parokia ya Buhugu
alizaliwa mwaka wa nzige, wa mwisho kati ya tisa,
akabatizwa kwa Kiganda, akafunzwa hesabu kwa Kiingereza,
akatukanwa kwa lugha ya mama yake tu.
Ndiyo maana, alisema, aliiamini.

Miaka thelathini na mmoja alipanda mlima kwa miguu,
joho ndani ya gunia la kahawa lisipate tope,
kuwazika watu ambao maporomoko yamekwisha kuwazika.
Jumapili alisoma Kiganda, kama ilivyoamriwa Mbale.
Vikongwe wa benchi la mbele waliitikia Amina
mahali pasipo na Amina.

Usiku, nyuma ya stakabadhi za chama cha ushirika
(kilo arobaini, daraja la pili, malipo baadaye),
aliandika kwa Kidadiri,
tena cha upande huu wa mto, si cha upande ule:
shairi la mbuzi aliyekula Zaburi,
shairi la mkwe anayehesabu malewa sahanini,
shairi la mvua ile inayokuja kwa ubavu,
kama mdeni apitaye nyuma ya nyumba.
Mvua hiyo ina jina. Sitaliandika hapa.
Kiswahili changu hakina msumari wa kulitundikia.

Kiswahili changu ni cha kambi ya polisi.
Baba alihamishwa kutoka Arua na bunduki moja, magodoro mawili.
Kasisi alinikuta kwenye ngazi za kanisa, nina miaka tisa.
"Kwenu ukungu mnauitaje?"
Nikafikiri. Nilijua geuka nyuma. Nilijua toa kitambulisho.
Nikasema: ukungu.
Akachomoa penseli sikioni, akaliandika jibu langu
taratibu, kana kwamba nimempa kitu.

Askofu alituma barua: lugha ya mnadani
haifai kukaa karibu na madhabahu.
Kamati ya tahajia nayo iligombania herufi moja
miezi kumi na minne, chai ya maziwa kila kikao,
watu wa kusini wakitaka yao. Gimei akaondoka kabla ya chai.
Mkewe, Yunia Neumbe, akauza maksai,
wakachapa nakala sitini kwa mashine ya mkono ya shule;
wino ulimganda kuchani hadi Pasaka.
Zikauzwa kumi na moja, mbili kati ya hizo
kwa mtu mmoja aliyesahau kwamba anayo.

Zilizobaki Yunia alizifungia njugu sokoni.
Kasisi alilinyamazia hilo wiki nzima.
Kisha siku ya mnada akamsikia mchuuzi wa chumvi
akimsomea mwenzake, mdomo umejaa, habari za mbuzi na Zaburi,
wakacheka hadi wakashikana mabega,
na wa tatu akanunua njugu asizozitaka
apate kujua mbuzi aliishia wapi.
Kasisi akapanga foleni. Akanunua za shilingi mia.
Yunia alipokea pesa, akahesabu chenji, hakusema neno.

Tulimzika Agosti, barabara imekatika mahali pawili.
Mjumbe wa askofu alifika na viatu mkononi
akasoma wasifu kwa Kiingereza:
tarehe, vyeti, idadi ya waliobatizwa.
Ndipo kikongwe mmoja wa benchi la mbele akainuka
bila kuitwa, akaisema ile mvua, yote, kwa moyo,
na wenzake wakaitikia palipostahili.

Mimi nina ukurasa mmoja. Una mafuta, una chumvi.
Herufi nazijua zote, maneno mawili matatu.
Siku hizi navaa kofia kama ya baba,
niko Masindi, zamu ya usiku, lango la ghala,
naisoma kwa sauti, vibaya.
Juzi mpishi, mzaliwa wa Sironko, alinicheka matamshi,
akanisahihisha neno moja, la pili,
halafu akaweka sufuria chini.
Rudia, akasema. Anzia kwenye mbuzi.